Bondia Aliyevaa Kofia Zote: Historia ya Promota wa Ngumi Dar es Salaam

Mwanzoni mwa Februari 1980 Muhammad Ali alitua Dar es Salaam akiwa mjumbe wa Rais Jimmy Carter wa Marekani. Alitumwa kuishawishi Tanzania isusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow, kwa kuwa Umoja wa Kisovieti ulikuwa umeingiza majeshi yake Afghanistan. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Tanzania ilikwenda Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha, na mpaka leo ukiitaja Moscow watu hukumbuka riadha tu. Lakini katika msafara ule walikuwamo pia mabondia, na mmoja wao aliitwa Emmanuel Mlundwa. Miaka mingi baadaye jina lake lilirudi kwenye kurasa za michezo, safari hii akiwa rais wa PST, mojawapo ya vyama vilivyosimamia ngumi za kulipwa nchini. Njia hiyo, ya kutoka ulingoni kwenda kwenye meza ya kupanga na kuidhinisha mapambano, imepitiwa na wengi jijini Dar es Salaam, na karibu hakuna aliyekaa kuiandikia historia yake. Tumezoea kumsema promota kama mlaji wa jasho la bondia. Nashikilia kwamba kwa muda mrefu bondia mstaafu ndiye aliyekuwa taasisi pekee ya kudumu ya ngumi za kulipwa katika jiji hili, na kwamba kasoro yake kubwa haikutokana na tabia. Ilitokana na kuachiwa kazi tatu au nne ambazo hazikupaswa kukaa mikononi mwa mtu mmoja.

Ili tumwelewe inabidi tuanze na nchi ambayo haikuwa na nafasi ya promota. Sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa ilipitishwa mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na michezo ikapangwa kwa mantiki ileile ya uchumi: ni ya umma, isimamiwe na umma. Kijana mwenye ngumi nzuri alichukuliwa jeshini, polisi, magereza au kwenye shirika la umma. Alipata ajira, chakula, vifaa na muda wa mazoezi, na aliposafiri alisafiri kwa niaba ya taifa. Mfumo huo haukuwa dhaifu kama wanavyoudhania waliozaliwa baada yake. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati na kurudi na medali ya fedha. Aliyemshinda alikuwa kijana wa Liverpool, John Conteh. Hapo ndipo njia za watu wawili waliosimama kwenye ulingo mmoja zilipoachana. Conteh aliingia ngumi za kulipwa, na Oktoba 1974 akawa bingwa wa dunia wa WBC. Mwezi huohuo, jirani zetu wa Kinshasa walishuhudia Ali na George Foreman wakipigana kwa ahadi ya dola milioni 5 kila mmoja, pambano lililosukwa na promota Don King kwa fedha za serikali ya Mobutu. Soko la ngumi lilikuwapo duniani, tena lilifika mpaka upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Simba, aliyefika fainali sawasawa na Conteh, alikuwa raia wa nchi ambayo sera yake ya michezo ilijengwa juu ya ridhaa. Hakuwa na meneja, wakala wala mwandaaji wa kumtafutia pambano la pili.

Simtaji Simba ili kuulaumu mfumo wa ridhaa. Namtaja kwa sababu mfumo ule ulimpa bondia kila kitu isipokuwa ujuzi wa biashara ya mwili wake mwenyewe, na ulipoanza kuporomoka ulimwacha mikono mitupu. Baada ya nchi kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na mashirika ya umma kuanza kuuzwa katika miaka ya 1990, timu za mashirika zilikufa moja baada ya nyingine. Ridhaa haikutoweka mara moja: mwaka 1998 Michael Yombayomba alitwaa dhahabu ya uzito wa bantam kule Kuala Lumpur, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Hata hivyo, kijana wa Tandale au Keko aliyetaka kuishi kwa ngumi hakuwa tena na shirika la kumwajiri. Alihitaji pambano lenye malipo, na pambano lenye malipo lilihitaji mtu wa kuliandaa. Nani aliyejua kupima uzito, kufunga bandeji mikononi, kuhesabu pointi za majaji, kumtambua mwamuzi anayejua wakati wa kusimamisha pambano? Ni waliokuwa ulingoni. Habibu Kinyogoli, aliyeiwakilisha Tanzania katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alikuja kuwa mwalimu wa vizazi vya mabondia wa Ilala. Wengine wa rika lake na la Mlundwa wakawa waamuzi, mameneja, viongozi wa vyama na mapromota. Hawakunyang'anya nafasi ya mtu. Waliingia kwenye pengo ambalo serikali ililiacha, nao wafanyabiashara walikuwa bado hawajaliona.

Wengi huzungumzia upromota kama kuuza tiketi tu. Chukua pambano la kawaida la raundi nane kwenye ukumbi wa kata. Promota anaanza na ukumbi na kibali. Anachagua mabondia wawili wa juu wanaotambiana mtaani, kisha anajaza mapambano ya utangulizi sita au saba kwa vijana ambao malipo yao wakati mwingine hayazidi nauli na chakula. Anachapisha bango lile ambalo kila mpita njia wa Manzese analijua: wawili wameangaliana, ngumi juu, kilo na raundi zimeandikwa kwa herufi nene, na chini kuna bei za viingilio, VIP na kawaida. Anawalipa advansi ili wasikimbilie kwa promota mwingine. Anakodi ulingo, taa, daktari, gari la wagonjwa, waamuzi na majaji. Siku ya kupima uzito anaita waandishi, maana tambo za siku hiyo ndizo zinazouza tiketi za kesho yake. Mvua ikinyesha, au bondia wa juu akishindwa kutokea, hasara yote ni yake. Mtu asiyejua ngumi hataiweza kazi hii hata akiwa na fedha, kwa kuwa sehemu yake ngumu zaidi ni kujua nani anaweza kupigana na nani bila mmoja kuumizwa vibaya, na bila mwingine kushinda kirahisi mpaka watu wakazomea. Kitu hicho bondia mstaafu alikijua kwa mwili wake.

Kilichofuata ni kwamba mtu huyohuyo, kwa sababu hakuwapo mwingine, alianza kufanya yote. Bondia aliyepata mafunzo kwake alikuwa bondia wake, kwa hiyo akawa meneja. Alimwandalia pambano, kwa hiyo akawa promota. Alikaa kwenye uongozi wa chama kilichoidhinisha pambano na kuteua waamuzi, kwa hiyo akawa msimamizi wa biashara yake mwenyewe. Aliyetaka kwenda kupigana nje alipitia kwake kupata barua, kwa hiyo akawa wakala pia. Kila kofia peke yake ilikuwa halali na ilihitajika. Zilipokutana kichwani pa mtu mmoja, bondia alibaki bila wa kumkimbilia.

Athari za jambo hili zinaonekana wazi zaidi ukiliangalia jiji kutoka pembezoni. Kumbi zilizobeba ngumi za kulipwa tangu miaka ya 1990 zinajulikana: Diamond Jubilee kule Upanga kwa mapambano makubwa, ukumbi wa PTA kwenye viwanja vya Sabasaba upande wa Temeke, Friends Corner pale Manzese, na baadaye Dar Live ya Mbagala Zakhem. Kalenda nayo inajulikana: Idd Mosi na Idd Pili, Krismasi na siku inayofuata, Sabasaba. Hizi ni siku ambazo mtu wa kipato cha chini ana shilingi mbili tatu za kutumia na hana kazi ya kuwahi asubuhi. Sasa mweke kwenye ramani hiyo kijana wa Bunju. Bunju iko kilomita takriban 30 kutoka katikati ya jiji, mwisho wa kaskazini wa Kinondoni, kwenye barabara ya Bagamoyo. Mpira wa miguu ulishaigundua ardhi yake: mwaka 1969 ungemwambia mtu kwamba klabu ya Kariakoo itakwenda kufanya mazoezi kule asingekuelewa, lakini mwaka 2019 klabu ya Simba ilizindua uwanja wake wa mazoezi Bunju. Simba ina wanachama, wadhamini na tajiri, kwa hiyo inaweza kununua umbali. Ngumi haina mtu wa namna hiyo. Kijana wa Bunju, Boko au Mabwepande anayetaka kuwa bondia anapanda daladala kuufuata ujuzi uliko, na uliko ni kwenye kambi ya bondia wa zamani, uani pa nyumba au kwenye jengo la CCM la kata, penye begi la mazoezi moja na glovu za kupokezana. Nauli ya wiki akikopeshwa na kocha, kocha tayari amekuwa mdai wake. Deni hilo dogo ndilo mkataba wa kwanza wa mabondia wengi, na huwa halina karatasi.

Kuna pingamizi zito hapa. Watasema: mbona mafanikio makubwa ya ngumi zetu yameletwa na watu ambao hawakuwahi kuvaa glovu? Ni kweli kwamba Rashid Matumla, aliyekuja kuvaa mkanda wa WBU na kuwa jina la kila nyumba, alisukumwa mbele na fedha za mfanyabiashara Dioniz Malinzi, ambaye baadaye aliongoza Baraza la Michezo la Taifa. Ni kweli pia kwamba Agosti 2013, Francis Cheka wa Morogoro alipomshinda Mmarekani Phil Williams pale Diamond Jubilee na kutwaa mkanda wa WBF, usiku kama ule usingewezekana bila fedha ambazo promota wa Manzese hana. Na tangu televisheni ya Azam ilipoanza kurusha ngumi moja kwa moja na kulifanya neno vitasa kuwa la kila mtaa, malipo ya mabondia wa juu yamepanda kwa namna ambayo kizazi cha Mlundwa hakikuiota. Yote haya nayakubali. Lakini angalia fedha hiyo ilimkuta bondia akiwa wapi. Matumla aliingia kwenye mikono ya mfadhili akiwa tayari ameshiriki Olimpiki; Cheka alikuwa na miaka mingi ya mapambano ya ndani. Mwenye fedha hununua bondia aliyekwisha kuiva, na hakuna ubaya katika hilo, maana ndivyo biashara inavyokwenda. Aliyemwivisha, aliyempa mapambano yake kumi ya kwanza mbele ya watu mia mbili, ni mwandaaji mdogo wa kumbi za kata. Mfadhili akichoka au akipata biashara nyingine huondoka, na mara nyingi ameondoka. Bondia mstaafu hana pa kuondokea.

Pingamizi la pili nalikubali kwa sehemu kubwa zaidi. Vyama vilivyoongozwa na watu hawa viligawanyika. Kulikuwa na TPBC ya Onesmo Ngowi, PST ya Mlundwa, TPBO ya Yassin Abdallah maarufu kama Ustaadh, vyote vikidai mamlaka juu ya mchezo uleule katika jiji lilelile. Bondia aliyefungiwa na chama kimoja alivuka barabara kwenda kingine. Mikanda iliongezeka kuliko mabingwa, hata ikawa mtu anaitwa bingwa wa taifa na mtu wa nyumba ya tatu naye anaitwa bingwa wa taifa wa uzito huohuo. Mgawanyiko huu uliwaumiza mabondia kuliko mtu mwingine yeyote, na mwishoni mwa muongo wa 2010 serikali ilipovikusanya vyama hivyo chini ya kamisheni moja, TPBRC, ilifanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa miaka 20 kabla. Ila nakataa maelezo ya kwamba chanzo kilikuwa uroho au ujinga wa mabondia wastaafu. Chama kikiwa ndicho leseni ya kufanya biashara, kila mfanyabiashara atataka chake. Dunia yenyewe, yenye WBA, WBC, IBF, WBO na msururu wa mikanda midogo inayofuata, imegawanyika kwa sababu hiyohiyo, na huko hawajawahi kukosa wasomi wala wanasheria.

Mahali ambapo mkusanyiko wa kofia uliuma zaidi ni safari za nje. Mapromota wa Ulaya na Asia wanahitaji wapinzani wa kuwajengea rekodi mabondia wao, na kwa miaka mingi Tanzania imekuwa ghala lao. Bondia anapewa taarifa kwa siku chache, anapanda ndege akiwa hana mazoezi ya kutosha, anapigwa, anarudi na fedha ambayo kwa hesabu za Buguruni ni nyingi na kwa hesabu za kule ni ndogo mno. Anayepokea simu kutoka nje na anayepaswa kumshauri bondia akatae ni mtu yuleyule, naye hulipwa pale tu bondia anapokubali. Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alipelekwa Birmingham kwa namna hiyohiyo, mpinzani wa dakika za mwisho wa Sam Eggington, katika usiku ambao pambano kuu lilikuwa la Amir Khan. Alimsimamisha Eggington raundi ya pili. Nchi nzima ilishangilia, na ilistahili kushangilia. Ushindi ule ulithibitisha kwamba kipaji kilikuwapo siku zote, na ukaacha swali ambalo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha: wangapi kabla yake walikuwa na mkono kama ule, wakapelekwa bila maandalizi, wakarudi na vichwa vinavyouma?

Ulinganisho na mieleka ya kulipwa unasaidia, kwa sababu huko mpiganaji aliyegeuka mwandaaji ni jambo la kawaida na mara nyingi la heri. Japani, Rikidozan alianzisha kampuni ya mieleka mwaka 1953 akiwa yeye mwenyewe ndiye nyota wake, na mwanafunzi wake Antonio Inoki akaanzisha ya kwake mwaka 1972, kisha mwaka 1976 akapanda ulingoni Tokyo na Muhammad Ali. Karibu nasi, kule Mukono nchini Uganda, Daniel Bumba, ambaye alizoea kuwatafsiria watazamaji wa televisheni mieleka ya Marekani, mwaka 2023 alianzisha Soft Ground Wrestling, ambayo ulingo wake ni tope lililozungushiwa nguzo na kamba. Vijana wake wameonekana duniani kote kupitia simu. Katika mieleka ya aina hiyo mtu mmoja anaweza kuwa mwalimu, meneja, mwandaaji na mtunzi kwa wakati mmoja, kwa kuwa matokeo yamepangwa na wote ulingoni wanashirikiana kutengeneza onyesho moja. Ngumi haina ushirikiano huo. Anayepanga pambano anajua kwamba mmoja ataumia kwa kweli, na kila uamuzi wake, kuanzia uchaguzi wa mpinzani mpaka uteuzi wa mwamuzi, unagusa kichwa cha mtu. Mtindo mmoja wa uongozi ukihamishwa kutoka mchezo wa kwanza kwenda wa pili unageuka hatari.

Marekani walilitambua hili kwa sheria. Sheria waliyoipa jina la Muhammad Ali, ya mwaka 2000, inakataza promota kuwa na maslahi katika umeneja wa bondia na meneja kuwa na maslahi katika upromota, na inamtaka promota amweleze bondia fedha anazoingiza kutokana na pambano lake. Huko nako mabondia wastaafu wamekuwa mapromota, Oscar De La Hoya akiwa mfano maarufu. Sheria haikuwafukuza, iliwataka wachague kofia. Najua jibu la wenzetu wa Manzese: soko letu ni dogo, promota anayepata faida ya laki chache hawezi kumlipa meneja wa pembeni, na ukitenganisha kazi hizi utaua mapambano ya kata yanayowazaa mabondia. Hoja hii ina uzito kwa umeneja. Haina uzito kwa usimamizi. Kuteua waamuzi, kupima afya, kutunza rekodi na kuidhinisha mkanda havihitaji soko kubwa, vinahitaji mtu asiye na bondia usiku ule. Mkataba wa maandishi wa ukurasa mmoja, nakala moja kwa bondia na nyingine kwa kamisheni, wenye kiasi cha malipo na tarehe ya kulipwa, hauhitaji mdhamini wa televisheni. Kijana wa Bunju aliyekopeshwa nauli anaweza kuandikiwa deni lake humo, akajua ni shilingi ngapi na linaisha lini.

Zanzibar inatupa nafasi ya kuona kama tumejifunza. Ngumi zilipigwa marufuku visiwani baada ya Mapinduzi ya 1964, na kwa karibu miongo sita bondia wa Unguja alilazimika kuvuka bahari kuja kupigana Bara. Mwaka 2023 mlango ulifunguliwa, na Januari 2024 Mwakinyo alipigana Amaan na kumshinda Mbiya Kanku wa Kongo. Visiwani hakuna kizazi cha mabondia wastaafu waliojijenga kama mapromota wa ndani, kwa hiyo waandaaji, waamuzi na walimu wa mwanzo wanatoka Dar es Salaam, na wanavuka na mazoea yao. Unguja ingeweza kuanza na orodha ya wasimamizi ambayo haina jina hata moja la mwandaaji, na Dar es Salaam ikalazimika kuifuata.